Wanafunzi elfu moja na fumbo la joto la jua

Maabara za vyuo zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, walimu wa fizikia walibaki na swali gumu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atajifunzaje kufanya majaribio akiwa chumbani kwao, mbele ya kompyuta mpakato, bila mizani, bila lenzi, bila hata waya wa kuunganisha?

Majibu ya haraka yalipatikana. Kuna vyuo vilivyorekodi video za majaribio ili wanafunzi watazame. Kuna vilivyowapa wanafunzi namba zilizokwisha kupimwa zamani, wazipange kwenye jedwali, wachore grafu na kuandika ripoti. Alama zilitoka na muhula ukaisha. Lakini jibu la kila zoezi lilijulikana kabla mwanafunzi hajafungua daftari.

Katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, Marekani, ilichaguliwa njia nyingine. Wanafunzi wa somo la fizikia ya majaribio, wengi wao wa mwaka wa kwanza na wa pili, walikabidhiwa swali ambalo hata profesa wao hakuwa na jibu lake: kwa nini tabaka la nje la jua lina joto kali kuliko uso wa jua wenyewe? Kazi hiyo ilifanyika kwa mihula mitatu, wanafunzi wakikutana kwenye skrini. Mei 2023 matokeo yao yalichapishwa katika The Astrophysical Journal, mojawapo ya majarida makubwa ya elimu ya anga duniani. Wanafunzi waliohusika walikuwa 995, na kwa makadirio ya chuo, saa zilizotumika zilifika 56,000. Mtafiti mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, angehitaji karibu miaka 27 kuzimaliza.

Kisa hicho kinastahili kusomwa kwa makini Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu vyuo vya eneo hili vimemweka mwanafunzi wa shahada ya kwanza nje ya utafiti hadi mwaka wake wa mwisho, na hata hapo mara nyingi hupewa mradi ambao rafu ya maktaba ndiyo itakayokuwa msomaji wake pekee.

Fumbo lenye umri wa zaidi ya miaka 150

Tarehe 7 Agosti 1869 jua lilipatwa kabisa katika sehemu za Marekani. Wanaanga wawili, Charles Young na William Harkness, kila mmoja akiwa kituoni pake, walielekeza vyombo vyao kwenye ule mwanga hafifu unaolizunguka jua mfano wa taji wakati mwezi umelifunika. Wakaona mstari wa rangi ya kijani ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Kwa miongo kadhaa wataalamu walidhani wamegundua elementi mpya inayopatikana kwenye jua pekee.

Ukweli ulijitokeza miaka 70 baadaye. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940, kazi za Walter Grotrian wa Ujerumani na Bengt Edlén wa Sweden zilionyesha kwamba mstari ule ulitokana na chuma cha kawaida, ila chuma kilichopokonywa elektroni 13. Ili chuma kifikie hali hiyo lazima kiwe mahali penye joto linalozidi nyuzi milioni moja za Selsiasi.

Hapo ndipo fumbo la joto lilipoanza. Uso wa jua, sehemu tunayoiona kwa macho, una joto la takribani nyuzi 5,500. Nishati ya jua hutoka ndani kuja nje, kwa hiyo ingetarajiwa kwamba kadiri mtu anavyojitenga na kiini, joto lipungue. Kwenye taji la jua, ambalo wanasayansi huliita korona, joto linapanda mara mia mbili na zaidi. Kuna kitu kinachobeba nishati kuipitisha kwenye uso na kuimwaga juu. Ni kitu gani?

Karibu wataalamu wote wanakubaliana kwamba nguvu za sumaku za jua zinahusika. Wanachobishania ni namna. Mwaka 1942 Hannes Alfvén wa Sweden alieleza kuwapo kwa mawimbi yanayosafiri kwenye gesi yenye chaji kwa kufuata mistari ya sumaku. Mawimbi hayo yana jina lake, na mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1988 Eugene Parker, mwanafizikia wa Chicago, alileta wazo jingine. Alisema mistari ya sumaku juani husokotwa na kukatika kila wakati, na kila inapokatika hutokea mlipuko mdogo sana. Milipuko hiyo midogo, ikiwa mingi vya kutosha, ingeweza kulipasha moto taji lote.

Tatizo la wazo la Parker ni kwamba milipuko anayoisema ni midogo kiasi cha kutoonekana mmoja mmoja kwa vyombo vilivyopo.

Hesabu ya mwenye duka

Kuna njia ya kuzunguka tatizo hilo, na inaeleweka vizuri kwa kulitazama duka la mtaani. Wateja wengi hununua kiberiti, sukari robo, sabuni kipande. Wachache hununua gunia zima la mchele. Mwenye duka akitaka kujua fedha nyingi zinatoka upande gani, ukubwa wa ununuzi pekee hautoshi kumwambia. Lazima ajue kwa kila anayenunua gunia kuna wangapi wanaonunua robo. Wakiwa wengi mno, vijisenti vyao vikijumlishwa vitazidi fedha ya magunia. Wakiwa wengi kiasi tu, magunia ndiyo yanayoliendesha duka.

Wanafizikia wa jua hufanya hesabu hiyohiyo kwa milipuko. Hupanga ile inayoonekana kwa ukubwa wa nishati yake, kisha hutazama idadi inaongezeka kwa kasi gani kadiri ukubwa unavyopungua. Kasi hiyo huandikwa kwa namba moja iitwayo alfa. Alfa ikizidi 2, milipuko midogo isiyoonekana inatosha, kwa jumla yake, kulipasha moto taji la jua. Ikiwa chini ya 2 haitoshi, na mawimbi ya Alfvén yanapata uzito zaidi.

Hesabu inaonekana nyepesi, lakini imewagawa wataalamu kwa miaka mingi. Tafiti zilizotangulia zilipata alfa za pande zote mbili za ile 2. Sababu kubwa ni namna nishati ya kila mlipuko inavyopimwa. Jua halizimiki kabla ya mlipuko. Lina mng'ao wake wa kawaida, nao hupanda na kushuka. Mpimaji asiyeondoa mng'ao huo kwanza huuhesabia mlipuko nishati ambayo si yake. Vilevile lazima ajue mlipuko ulianza dakika gani na ukaisha dakika gani, na milipuko mingine huanza kabla iliyotangulia haijatulia. Kazi hiyo inataka mtu aitazame grafu, afikiri, aamue na aeleze kwa nini ameamua hivyo. Kwa mlipuko mmoja inawezekana. Kwa mamia ya milipuko, hakuna maabara yenye watu wa kutosha.

James Mason, mtafiti wa jua aliyefanya kazi Boulder na baadaye kuhamia maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikuwa na swali hilo. Heather Lewandowski, profesa wa fizikia pale Colorado, alikuwa na mamia ya wanafunzi waliokosa maabara. Wakishirikiana na Alexandra Werth, mtafiti wa elimu ya fizikia, waliunganisha mahitaji hayo mawili.

Kazi ilivyogawanywa

Wanafunzi waliwekwa katika vikundi vya watu watatu au wanne. Kila kikundi kilichukua mlipuko wake kutoka kwenye kumbukumbu za GOES, setilaiti za Marekani za kutazama hali ya hewa ambazo, pamoja na kupiga picha za mawingu, zimekuwa zikipima eksirei za jua tangu miaka ya 1970. Wanafunzi walisoma kwanza habari za jua na tafiti zilizotangulia. Wakachora grafu ya eksirei, wakaondoa mng'ao wa kawaida, wakaamua mwanzo na mwisho wa mlipuko, kisha wakakokotoa nishati iliyotoka. Baada ya mihula mitatu, milipuko iliyochambuliwa kwa namna hiyo ilizidi 600.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hakuna aliyetarajiwa kuwa bingwa. Mwanafunzi wa miaka 18 aliyetoka sekondari miezi michache nyuma alikabidhiwa kipande kimoja cha kazi, kidogo kiasi cha kumudu, kikubwa kiasi cha kumfikirisha. Alikuwa na wenzake wa kubishana nao kwenye kikao cha mtandaoni. Juu yao walikuwapo walimu wa kukagua. Kosa la mmoja lilikuwa na mahali pa kunaswa kabla halijaingia kwenye jumla.

Hali ya kusoma kwa mbali, iliyokuwa mzigo kwa masomo mengine, hapa haikuondoa kitu cha msingi. Data za jua hukaa kwenye kompyuta hata chuo kikiwa wazi. Mtafiti mwenye miaka 30 kazini huzichambua kwa njia ileile: kwa skrini, kwa programu, kwa kikao na wenzake walio nchi nyingine. Wanafunzi wa Boulder walikuwa wakifanya kazi kama wanavyofanya wanasayansi wa fani hiyo siku zote.

Namba iliyotoka ni 1.63, yenye uwezekano wa kupotoka kwa 0.03 juu au chini. Iko chini ya 2, na kwa umbali wa kuonekana. Kwa hesabu hiyo, milipuko midogo ya Parker haitoshi peke yake kulipasha moto taji la jua, na mawimbi ya Alfvén yanaonekana kuwa na sehemu kubwa. Mjadala haujafungwa, kwa sababu hesabu hii huchukua milipuko inayoonekana na kuitumia kukadiria isiyoonekana, na wapo wataalamu watakaoendelea kuihoji hatua hiyo. Hata hivyo, mtu yeyote anayelishughulikia suala hili sasa ana sababu ya kuitazama namba ya wanafunzi wale.

Upande wa ualimu nao ulichunguzwa. Mwaka 2022 Werth, Lewandowski na wenzao walianza kuchapisha tafiti kuhusu kozi yenyewe katika jarida la utafiti wa ufundishaji wa fizikia, wakiangalia namna vikundi vilivyoshirikiana mtandaoni na uzoefu wa wanafunzi katika kazi hiyo. Hilo ni somo jingine kwa vyuo: kozi mpya ilipimwa kwa uangalifu uleule uliopimiwa milipuko.

Bilinganya bovu la Durban

Boulder haikuwa ya kwanza kuamini kwamba mwanafunzi mchanga anaweza kufanya sayansi ya kweli. Tangu mwaka 2008 vyuo vya Marekani vimekuwa na mpango uitwao SEA-PHAGES, ulioasisiwa na mwanabiolojia Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huokota udongo, hutafuta ndani yake virusi wanaoua bakteria, na kuwapa majina. Nusu ya pili ya kozi hufanyika kwenye kompyuta: mwanafunzi huisoma jenomu ya kirusi wake na kubainisha jeni moja moja. Nusu hiyo inaweza kufanywa popote penye mtandao.

Afrika imo katika historia ya kazi hiyo. Mwaka 2010, jijini Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi mmoja alichukua sampuli kwenye bilinganya lililooza na kupata kirusi aliyepewa jina la Muddy. Kirusi huyo alihifadhiwa kwenye jokofu pamoja na maelfu ya wenzake waliokusanywa na wanafunzi wengine. Miaka minane baadaye, madaktari wa London walikuwa na mgonjwa, binti wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu, ambaye bakteria walikuwa wakimmaliza bila kusikia dawa yoyote. Katika mkusanyiko mzima walipatikana virusi watatu waliofaa. Wawili ilibidi wabadilishwe kijenetiki kwanza au waboreshwe. Muddy alitumika jinsi alivyotoka Durban. Hali ya binti ilipata nafuu kubwa, na taarifa ya tiba hiyo ikachapishwa katika Nature Medicine mwaka 2019.

Mwanafunzi aliyeichukua sampuli ile hakuwa na njia ya kujua itafika wapi. Alifanya kazi yake sawasawa, akaandika alichokipata, na kumbukumbu ikatunzwa.

Picha za Serengeti zinachambuliwa na nani?

Machi 2020 serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zilifunga vyuo. Tanzania ilivifungua tena tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Kwa majirani zake kufungwa kulichukua muda mrefu zaidi. Vyuo vilivyokuwa na mifumo ya kufundishia mtandaoni viliendelea kwa kiasi fulani. Kwingine wanafunzi walirudi nyumbani, wakasubiri.

Kila inapotajwa kazi kama ya Boulder, jibu linalokuja upesi ni kwamba huku hatuna uwezo huo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Bando ni ghali kwa mtoto wa mkulima. Umeme hukatika. Wapo wanafunzi wa shahada ya sayansi ambao chombo chao pekee ni simu. Lakini hoja hiyo inapaswa kupimwa kwa kazi yenyewe inayozungumziwa. Setilaiti za GOES hutoa, pamoja na vipimo vya kina, wastani wa eksirei wa kila dakika. Mlipuko wa jua uliodumu saa moja ni mistari 60 ya namba. Faili lake ni dogo kuliko picha moja inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Halilipiwi, na haliombewi kibali.

Wala jua si la Wamarekani. Tarehe 6 Septemba 2017 ulitokea mlipuko wa daraja la X9.3, mkubwa kuliko yote ya mzunguko wa wakati ule wa shughuli za jua. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa alasiri, jua likiwaangazia watu wa Mwanza, Mombasa na Bujumbura. Milipuko ya namna hiyo huvuruga mawasiliano ya redio ya masafa marefu upande wa dunia unaotazama jua, na marubani na mabaharia huyahitaji mawasiliano hayo. Eneo la ikweta lina misukosuko yake katika tabaka la juu la anga, inayoathiri hata vifaa vya kuonyesha mahali mtu alipo. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayelichunguza jua anachunguza jambo linalomhusu.

Pwani yetu imeshawahi kuwa mlangoni mwa sayansi hii hasa. Eksirei za angani hazifiki ardhini kwa sababu hewa huzizuia, kwa hiyo lazima zipimwe kutoka juu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Roketi iliruka kutoka kwetu; uchambuzi ulifanyika Marekani.

Miaka 40 baadaye hali ilifanana na hiyo mbugani. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanzishwa na Alexandra Swanson akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulifunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 za Hifadhi ya Serengeti. Hadi Mei 2013 kamera hizo zilikuwa zimepiga mafungu milioni 1.2 ya picha. Kutambua wanyama kwenye picha hizo kulifanywa kwa mtandao na watu wa kujitolea 28,000 waliojiandikisha, pamoja na maelfu wengine wasiojiandikisha, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga Tanzania. Kila picha ilipitiwa na watu kadhaa, na majibu yao yakaunganishwa. Yalipolinganishwa na ya wataalamu, waliwatambua wanyama sawasawa kwa asilimia 96.6.

Data hizo zilichapishwa mwaka 2015 na ziko wazi kwa yeyote. Ndani yake mna maswali ya kutosha darasa zima: fisi na simba hugawana vipi saa za usiku, nyumbu hupita wapi mvua zikichelewa, swala hukwepa nini. Mwanafunzi wa wanyamapori wa Morogoro anayejua mvua za vuli zinaanza lini na wafugaji wanapita wapi ana ujuzi ambao mchambuzi wa mbali hana. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba data zipo na kumkalisha na swali.

Njia iliyokwisha jaribiwa barani

Kuhusu ufinyu wa mtandao, Afrika ina mfano wake uliofanya kazi hata kabla ya UVIKO-19. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet, uliounganisha wataalamu wa bioinfomatikia barani, ulianza kozi ya mbali kwa wanaotaka kujifunza kuchambua jeni kwa kompyuta. Awamu ya kwanza ilikuwa na washiriki 364 katika taasisi 20 za nchi 10.

Waandaaji walijua kwamba video ya moja kwa moja itakatika. Kwa hiyo mihadhara ilirekodiwa na kupelekwa mapema. Kila taasisi ilikuwa na darasa lake dogo lenye wasaidizi wa kufundisha. Washiriki walikaa pamoja wakatazama mhadhara kutoka kwenye kompyuta ya hapohapo, wakafanya mazoezi pamoja, kisha wakaunganishwa na mhadhiri kwa muda mfupi wa maswali. Bando lilitumika pale tu mtu alipohitaji kuzungumza na mtu.

Ukichukua mpango huo na kuutilia ndani utafiti wa aina ya Boulder, unapata kitu kinachoweza kufanyika Mbeya, Kisumu au Bukavu bila kusubiri jengo jipya. Darasa moja lenye kompyuta kumi linaweza kubeba vikundi kumi. Faili za data hupakuliwa mara moja, zikanakiliwa. Chuo kingine umbali wa kilomita 600 kinachambua milipuko mingine au kamera nyingine, na mwisho wa muhula matokeo yanaunganishwa.

Mambo ambayo hayawezi kurukwa

Si kila sayansi inaweza kufanywa hivi. Mkemia lazima amimine, apime, aunguze, akosee kwa mikono yake. Mwanafunzi wa fizikia naye anapaswa siku moja kushika chombo kilichoharibika na kukitengeneza. Chuo kitakachotumia utafiti wa mbali kama kisingizio cha kutonunua vifaa vya maabara kitakuwa kimewadhulumu wanafunzi wake.

Hata pale inapofaa, kuna masharti. Swali lazima liwe la kweli, lenye mtafiti anayelihitaji jibu lake. Mwanafunzi hutambua upesi zoezi lililovishwa nguo za utafiti. Lazima kuwe na ukaguzi, kwa sababu mamia ya wanaoanza bila mpango wa kunasa makosa watazalisha namba zisizofaa. Na jina la aliyefanya kazi liandikwe. Pale Colorado wanafunzi waliwekwa miongoni mwa waandishi wa makala. Katika vyuo vyetu wapo vijana waliokusanya data shambani kwa miezi, wakaishia kutajwa kwenye shukrani, au wasitajwe kabisa.

Sharti jingine ni muda wa mwalimu. Kozi ya namna hii haijiendeshi. Mhadhiri mwenye madarasa manne na mamia ya karatasi za kusahihisha hawezi kuiongeza juu ya mzigo huo kwa mapenzi tu. Idara zinapaswa kuihesabu kama kazi yake rasmi, na tume za vyuo vikuu, TCU Tanzania na CUE Kenya, zinaweza kusaidia kwa kutambua kozi za utafiti katika mwaka wa kwanza na wa pili kama sehemu halali ya mtaala.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji fedha za kurusha setilaiti. Setilaiti zimekwisha kurushwa. Kamera za Serengeti zimekwisha piga picha. Mawimbi ya Alfvén na milipuko ya Parker bado vinabishaniwa, na kila mlipuko unaochambuliwa vizuri unaongeza kitu kwenye mizani.

Wahadhiri wa sayansi wanaopanga muhula ujao waanze na darasa moja na swali moja. Wachague swali linalojibika kwa data zilizo wazi, wawagawe wanafunzi katika vikundi vya watatu watatu, wawape walimu wasaidizi wa kukagua, na waandike kila jina. Na mwanafunzi aliye nyumbani likizo hii, mwenye kompyuta ya kuazima na bando la siku moja, asingoje mwaka wa tatu. Kumbukumbu za eksirei za jua za miaka zaidi ya 40 ziko wazi leo, na mlipuko mmoja unamtosha kuanzia.